Likizo ya Desemba Mombasa: tutengeneze na watoto vitu watakavyovichezea

Mkaazi wa Tudor (mwanzilishi wa uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani hadi mapema Januari, na kila mzazi wa Mombasa anaijua hesabu inayomsubiri: nauli ya matatu, viazi karai, soda, ngamia wa kupandwa, na umati ambao siku ya Krismasi na ya Mwaka Mpya huujaza ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta mpaka mtu akakosa pa kutandika leso. Sisemi watoto wasipelekwe baharini. Nasema hiyo ni siku moja au mbili, ilhali likizo ni wiki nyingi, na kwa sababu hiyo nimeanzisha uzi huu ili tupeane maarifa ya michezo na kazi za mikono zinazowezekana nyumbani kwa vitu vilivyopo.

Nautaja msimamo wangu mapema ili anayetaka kunipinga apate pa kuanzia. Kazi nyingi za mikono tunazowapa watoto hutupwa baada ya siku chache kwa kuwa hazina matumizi. Maua ya karatasi hukaa juu ya kabati, yakapata vumbi, yakaondolewa mtoto akiwa amelala. Kinachofaa kutengenezwa ni kile ambacho gundi ikishakauka kitachezewa na nyumba nzima, watu wazima wakiwemo.

Mfano ninaoupenda ni bao la kete. Trei ya mayai ya karatasi ina matundu 30, yaani safu 5 za matundu 6, na bao linahitaji mashimo 32, yaani safu 4 za mashimo 8. Chukueni trei mbili, mkate kutoka kila moja kipande cha mashimo 4 kwa 4, kisha mvibandike vipande hivyo ubavu kwa ubavu juu ya karatasi ngumu ya katoni. Gundi ipikwe nyumbani: kikombe kimoja cha unga wa ngano kwa vikombe vinne vya maji, ukorogwe ukiwa baridi mpaka madonge yaishe, halafu uwekwe kwenye moto mdogo huku ukikorogwa hadi uwe mzito kama uji. Bao likishabandikwa, lifunikwe tabaka tatu au nne za vipande vya gazeti vilivyochovywa katika gundi hiyo na kukandamizwa vizuri ndani ya mashimo, kisha liachwe likauke kivulini. Likitiwa juani mara moja hujipinda.

Kete zinazohitajika ni 64. Kete za asili ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu za mkomwe unaoota karibu na fukwe, lakini asiyezipata asihangaike, kwa maana katika mji huu hakuna nyumba yenye watoto isiyokuwa na mbegu za mabuyu. Wakishazifyonza, zikusanywe, zioshwe kwa sabuni na kuanikwa. (Zile zilizofichwa chini ya mto wa kitanda nazo zihesabiwe.)

Kwa wanaoanza, msikimbilie bao la Kiswahili lenyewe. Anzeni na bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete mbili tangu mwanzo, hivyo kila mchezaji anamiliki safu mbili zilizo upande wake na kete 32. Mchezaji huchukua kete zote za shimo moja lenye kete mbili au zaidi, akazisambaza moja moja kwa kufuatana. Kete ya mwisho ikiangukia shimo la safu ya ndani, yaani ile inayotazamana na mpinzani, ambalo tayari lina kete, na shimo la mpinzani linalolikabili nalo lina kete, basi anazila zile za mpinzani na kuzisambaza upande wake mwenyewe kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya ndani. Kete zilizoliwa haziondolewi mchezoni. Zinahama tu, na hapo ndipo penye utamu wake, kwa sababu aliyekuwa hoi anaweza kuinuka baada ya zamu moja. Anayebaki bila kete katika safu yake ya ndani, au asiye na shimo lolote lenye kete mbili, ameshindwa.

Mkishazoea, ndipo mhamie kwenye bao la Kiswahili, ambalo huanza kwa kete 6 katika nyumba, kete 2 katika kila shimo kati ya mawili yanayofuata upande wa kulia, na 22 zikibaki mkononi kwa ajili ya kunamua, yaani kuzitia ubaoni moja moja kila zamu. Nyumba ni shimo la tano la safu ya ndani ukihesabu kutoka kushoto kwako, nalo lipakwe rangi ili mtoto asilisahau. Watoto wadogo sana wasiachiwe kete bila mtu mzima, kwa kuwa zinaingia mdomoni na puani kwa urahisi.

Naomba wengine wachangie.

Baharia wa Likoni

Mwanzilishi, nakuunga mkono, nami naleta tiara, kwa sababu huu ndio wakati wake. Upepo wa kaskazi huanza kutulia kwetu Desemba na kuendelea hadi karibu Machi, na aghalabu alasiri huwa na nguvu ya kutosha kuinua tiara bila mtoto kulazimika kukimbia.

Vunjeni chelewa mbili zilizonyooka kutoka ufagio ambao umekwisha kuchakaa, ili pasizuke ugomvi na mwenye ufagio. Moja iwe ndefu kiasi cha mkono wa mtu mzima, ya pili iwe fupi kidogo, nazo zipishane msalaba katika theluthi ya juu ya ile ndefu na kufungwa kwa uzi. Uzi mwingine uzungushwe kwenye ncha zote nne, ukivutwa sawasawa, kwa sababu fremu iliyolegea upande mmoja haitaruka hata upepo uwe mzuri namna gani. Gazeti au karatasi nyepesi ikunjwe juu ya uzi huo na kubandikwa kwa gundi ya unga aliyoieleza mwanzilishi, ila ipakwe kidogo, maana gundi nyingi huongeza uzito. Mkia ni vitambaa vyepesi vilivyofungwa kwa mfululizo. Tiara ikizunguka na kupiga kichwa chini, urefusheni mkia. Ikikataa kupanda, upunguzeni. Watoto waachwe wafanye marekebisho hayo wao wenyewe, hata kama wewe mzazi umeona kosa tangu mwanzo na mkono unakuwasha.

Mahali pa kurushia ni jambo la kuzingatia sana. Msirushe mitaani penye nyaya za umeme, na tiara ikinasa kwenye waya iachwe huko huko. Asitumwe mtoto na mti wala chuma. Kwa wanaokaa kisiwani, bustani ya Mama Ngina iliyofunguliwa upya mwaka 2019 ina uwazi wa kutosha, na sisi wa Likoni tuna ufuo wa Shelly maji yakipwa.

Mama wa Kisauni

Asanteni. Nimesoma yote na nimefurahi. Mimi nilikuwa na wazo la kuwapeleka watoto Nyali kuokota makome na simbi ili watengeneze mikufu na fremu za picha za kuwazawadia binamu zao wanaokuja kutoka Nairobi. Je, kuna mwenye ujuzi wa kutoboa makome bila kuyapasua?

Mwalimu mstaafu, Nyali

Dada yangu, niwie radhi nikukatize kabla hujapata jibu la kutoboa. Sehemu kubwa ya bahari iliyo mbele yetu huku imo katika hifadhi ya bahari ya Mombasa, ambayo ilitangazwa mwaka 1986, na ndani ya hifadhi hiyo ni marufuku kuchukua makome au matumbawe, yawe hai au yamekufa. Mbali na sheria, kome lililo tupu si takataka: wako kaa wadogo ambao mwili wao wa nyuma hauna gamba gumu, nao hujihifadhi ndani ya makome yaliyoachwa na wenyewe. Watoto waonyeshwe kaa hao wakitembea na nyumba zao, kisha warudi mikono mitupu. Nadhani watalikumbuka hilo kuliko mkufu.

Kwa mikufu na vifungo tumieni vifuu vya nazi, ambavyo jikoni kwetu havikosekani. Kifuu kikishakunwa na kukauka, kivunjwe vipande vidogo, vilainishwe kwa msasa, kisha mtu mzima avitoboe kwa keekee ndogo. Kipakwe mafuta ya nazi mwishoni kiwe cheusi na king'ae. Nacho kifuu kizima ni kikombe cha kupimia, ni ngoma, ni kiatu cha farasi kwa mtoto mwenye miaka mitano anayekigonga sakafuni mpaka majirani wakajua kwamba amepata farasi.

Kile ambacho ufuoni kinafaa kuokotwa ni kandambili zilizoletwa na mawimbi na vifuniko vya chupa. Mnakumbuka jahazi la Flipflopi, lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyokusanywa na kuvalishwa mabaki ya kandambili, ambalo mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Kwa kiasi chetu, soli moja ya kandambili iliyooshwa hukatwa umbo la dau, ikasimamishwa mlingoti wa chelewa na tanga la kitambaa, nayo huelea vizuri ndani ya beseni. Karara la mnazi huelea vizuri zaidi, na halihitaji kukatwa. Vifuniko vya soda ni drafti: ubao wa katoni wenye miraba 64, vifuniko 12 vilivyotazama juu dhidi ya 12 vilivyotazama chini.

Mama wa Kisauni

Nimekuelewa, mwalimu. Nashukuru.

Mpangaji wa Bamburi

Ninaomba msaada kwa sisi tusiokuwa na ua. Ninaishi gorofa ya tatu, nina watoto watatu, mkubwa wa miaka kumi na miwili na mdogo wa sita, na chumba cha kulia ndicho hicho hicho cha kulala wageni. Tiara haiwezekani hapa. Bao nimeliona zuri, lakini ni la watu wawili, na wa tatu atalia. Isitoshe, huyu mkubwa hataki kuiacha simu.

Mkaazi wa Tudor (mwanzilishi wa uzi)

Ndugu yangu wa Bamburi, nyumba ya watu wanne inafaa dumna, na dumna ya katoni ina fadhila moja ambayo ile ya dukani haina: haipigi kelele juu ya dari ya jirani. Kateni vipande 28 vilivyo sawa kabisa, na kazi ya kujua nukta zitakavyopangwa mpe huyo mkubwa bila kumsaidia. Mwambie tu kwamba kila kipande kina pande mbili, kwamba kila upande ni tupu au una nukta moja hadi sita, na kwamba hakuna kipande kinachofanana na kingine. Akizipanga kwa utaratibu atafika 28 mwenyewe, na akipungukiwa atarudi kutafuta kilichosahaulika. Hiyo ni hesabu tosha kwa siku nzima, na wakati wote huo simu itakuwa mezani. Kisha kila mmoja wenu wanne anapata vipande saba.

Mdogo wa miaka sita mpeni mdako. Zamani kilichimbwa kishimo mchangani. Sakafuni chora duara kwa chaki. Vijiwe kumi viwekwe ndani, mchezaji arushe ndimu juu kwa mkono mmoja, avitoe vijiwe nje kwa mkono huo huo, aidake ndimu kabla haijaanguka, kisha arushe tena na kuvirudisha vyote isipokuwa kimoja ambacho ndicho faida yake. Ndimu ni bora kuliko jiwe, kwa sababu za vioo vya kabati.

Umeme ukikatika, na Desemba hukatika, hapo hakuna cha kutengeneza ila maneno. Vitendawili vinajulikana na wote, lakini naona siku hizi tunavicheza nusu: mtu anatega, wengine wanashindwa, anatoa jibu, basi. Anayeshindwa anapaswa kutoa mji. Mteguaji anasema, "Nakupa Malindi," mtegaji anajibu, "Mji nimeupokea. Nilikwenda Malindi, nikafika, nikakaribishwa kwa wali wa nazi na samaki wa kupaka," na kadhalika, akijipigia porojo la safari kwa kadiri ya ulimi wake, ndipo atoe jibu. Porojo hilo ndilo mchezo wenyewe. Anzeni na vyepesi ambavyo hata mdogo atavimudu, kama vile "Nyumba yangu haina mlango," ambayo ni yai, au "Kuku wangu katagia mibani," ambayo ni nanasi, kisha mlazimishe kila mmoja atunge kimoja cha kitu kilichomo humo humo chumbani.

Huyo mkubwa mfundishe kinyume, ile lugha ya siri ambayo silabi ya mwisho ya neno hutangulizwa mwanzo, ili nyumba iwe *mbanyu* na kesho iwe *shoke*. Ndani ya siku mbili atakuwa anawasengenya nyote mbele yenu.

Bibi wa Kibokoni

Wanangu, nimewasoma, na yote ni mema, lakini neno la mwanzilishi kwamba kila kinachotengenezwa kichezewe mimi silikubali lote. Hayo mabao na dumna mtayacheza mmekalia nini? Mkeka nao ni kazi ya mikono, na hauchezewi.

Ukili, ule mkanda wa majani yaliyosukwa, ni kazi ambayo mjukuu anaweza kuianza sasa na asiimalize mpaka likizo nyingine, na hilo si aibu, ndivyo ilivyo. Nunueni miyaa, yaani majani ya kusukia, kwa wauzaji wa mikeka huko Kongowea, ipasueni membamba yaliyo sawa, na kila mnapoanza kusuka inyunyizieni maji, kwa maana miyaa mikavu hukatika na kuchoma vidole. Mtoto aanze na nyuzi tatu kama anavyosuka nywele, apate mkono wa kukaza sawasawa, ndipo aongezewe. Ukili wake mwembamba ukifika urefu wa kutosha, uzungushwe na kushonwa uwe kitandiko cha sufuria. Kawa la kufunikia chakula na mkoba vitafuata baadaye, na mkeka baadaye zaidi, kwa kuwa mkeka ni ukili mrefu sana ulioshonwa ubavu kwa ubavu. Akishona vibaya mfumulieni, asisifiwe uongo.

La pili ni hina. Desemba ni mwezi wa harusi mjini kwetu na wasichana wadogo wanataka kupambwa. Hina ya unga, iliyokandwa kwa maji ya ndimu na sukari kidogo, ikalazwa na kutiwa ndani ya karatasi iliyosokotwa umbo la pia, haina dhara, na kuchora maua mkononi mwa mdogo wake ni mchezo mzuri kwa msichana mwenye mkono mtulivu. Wajifunze kwanza kuchora juu ya sahani. Lakini piko, ile nyeusi ambayo hutengenezwa kwa dawa ya kutia nywele rangi, msimpake mtoto hata kidogo. Inaunguza ngozi na kuacha kovu, na mtu aliyedhurika nayo mara moja huenda akadhurika tena kila atakapotia nywele rangi ukubwani.

Mkaazi wa Tudor (mwanzilishi wa uzi)

Shikamoo bibi. Hoja ya mkeka nimeipokea, na kauli yangu nairekebisha: kitengenezwe kitakachotumika.

Jirani wa Changamwe

Nachangia upande wa Krismasi. Kwetu hatununui mti wa plastiki. Tunatumia tawi la mvinje lililopogolewa, si mti uliokatwa, tukalisimamisha ndani ya ndoo ya mchanga. Kwa wasioujua, mvinje ndio mti ambao ulianza kupandwa mwaka 1971 katika machimbo ya Bamburi yaliyokuwa mawe matupu, mahali ambapo leo tunapaita Haller Park, na vitunda vyake vidogo vyenye miba butu hufaa sana kupakwa chokaa na kutundikwa. Nyota na ndege husukwa kwa kuti bichi la mnazi. Vitu hivyo hunyauka baada ya wiki moja, na siku hiyo mapambo yameisha. Hakuna cha kuhifadhi uvunguni.

Ua wetu ni wa nyumba sita, Waislamu na Wakristo, kwa hiyo tarehe 26 hufanywa michezo ya wote: mbio za magunia, mbio za ndimu juu ya kijiko, kuvuta kamba na kati, ule mchezo wa kumlenga kwa mpira aliye katikati. Mpira wa kati hushonwa na watoto. Zamani ulifungwa kwa mifuko ya nailoni, lakini tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, malighafi hiyo haipo tena, na kwa kweli mpira wa matambara ni bora. Ombeni vipande kwa fundi cherehani, mvikandamize ndani ya soksi kuukuu, mwifunge mdomo, kisha mzungushie mikanda myembamba iliyokatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Ukimpiga mtu hauumizi.

Idd nayo ikifika, majirani wanatualika nasi tunakwenda na watoto wetu viwanja vya Makadara, ila bembea za kule si za kujitengenezea.

Mpangaji wa Bamburi

Je, washindi mnawapa zawadi? Wangu wakishindania kitu, mchezo unageuka kuwa kesi.

Jirani wa Changamwe

Hatutoi. Anayeshinda mbio za magunia anapata haki ya kuchagua mchezo unaofuata, na anayeshindwa katika kuvuta kamba anakusanya magunia. Tulijaribu kutoa biskuti, wazazi ndio waliogombana.

Mama wa Kisauni

Swali la mwisho kwa mwanzilishi. Bao la trei tumelianza, tabaka la pili limebandikwa, lakini kwa hali ya hewa yetu linakauka polepole na limeanza kunuka. Mende nao wamelipenda.

Mkaazi wa Tudor (mwanzilishi wa uzi)

Umepaka gundi nzito mno, na umeweka tabaka la pili kabla la kwanza halijakauka. Liache siku mbili mahali penye upepo, uligeuze chini juu mara kwa mara, usiongeze kitu. Gundi iliyobaki imwage, upike nyingine kidogo kidogo kila siku, na ukiipika utie kijiko cha chumvi au kipande cha shabu kilichosagwa ili isiote ukungu upesi. Kwa mende, tabaka la mwisho likishakauka kabisa lipake rangi ya mafuta iliyobaki kwenye debe la milango, pande zote mbili na ndani ya mashimo, kisha bao lilale ndani ya kabati lililofungwa. Usiku wa leo litundike kwa kamba.